Karatasi za Binti wa Bahi

Wanafunzi wangu wa kidato cha tano hawakuniamini tangu wiki ya kwanza, na sikuwalaumu. Niliwagawia kila mmoja daftari jembamba lenye jalada la bluu, nikawaambia kwamba humo wataandika lolote linalowajia kuhusu riwaya tuliyokuwa tukiisoma. Sitasahihisha tahajia. Sitaweka alama. Sitamwonyesha mtu. Nitasoma peke yangu, kisha nitamwandikia kila mmoja swali moja chini ya ukurasa. Darasa zima likanitazama kama watu wanaomsikiliza muuza dawa stendi, yule mwenye chupa moja inayotibu magonjwa yote.

Kiranja wao akasimama. "Madam, haya madaftari yanaishia wapi?"

"Kwangu."

"Na ofisi ya nidhamu?"

"Hayafiki huko."

Akakaa, lakini niliona jicho alilomtupia mwenzake. Ijumaa waliniletea madaftari yaliyofanana kama sare. Wote walikuwa wamenakili kitabu cha mwongozo: dhamira kuu ni hii, dhamira ndogo ndogo ni zile, falsafa ya mwandishi ni kadha wa kadha. Hata makosa ya tahajia yalikuwa yale yale.

Riwaya yenyewe ilikuwa kongwe, ya zamani kuliko ndoa ya mama yangu. Inahusu nyumba ya tajiri mmoja katika mji wa kale, ndugu wanaogombania urithi, na mwanamke wa jikoni anayesikia siri zote za nyumba ile asiseme neno mpaka sura ya mwisho. Niliipenda tangu nikiwa msichana. Nilitaka waijadili kama majirani wanavyojadili kesi ya mtaani, kwa kubishana, siyo kwa kukariri. Kwa hiyo niliwapanga viti duara, nikawa nauliza swali na kumchagua wa kujibu, halafu mwingine wa kumpinga. Ilichukua kama mwezi mzima. Taratibu wakaanza kusema, na madaftari nayo yakaanza kusema.

Mwanafunzi mmoja tu hakuwa na daftari la bluu. Alikuwa binti kutoka Bahi, mtoto wa wakulima wa mpunga, aliyepoteza macho kwa surua akiwa mdogo. Elimu ya msingi aliipata shule ya wasioona ya Buigiri, kisha akafaulu mpaka akafika kwetu. Yeye aliandika kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kwa kibao na kalamu fupi ya chuma, kwenye karatasi ngumu za manila. Darasani ukimya ukitanda ungesikia tk, tk, tk kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Kwa mdomo, nilidhani, hakuwahi kuchangia hata mara moja.

Mimi nukta nundu sikuzijua. Shule ilikuwa na mwalimu wa elimu maalumu, mzee wa Kigogo aliyebakiza miaka michache astaafu, mtu wa kanisani, mwenye mwandiko mzuri uliolala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Wanafunzi walimwita Babu. Mimi nilimwita Mzee. Alikuwa akikaa chumba cha nyenzo za wasioona, anazisoma karatasi za binti yule kwa macho, ananiandikia yaliyomo kwenye karatasi ya kawaida, anabana zote pamoja kwa pini na kuniletea. Swali langu nililoandika alilirudisha kwenye nukta ili binti alisome. Kwa maneno mengine, kati yangu na mwanafunzi wangu palikuwa na mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mzee.

Sijui hasa ni lini nilianza kumshuku. Nadhani ni siku niliposoma, katika nakala aliyoniletea, kwamba mwanamke wa jikoni "ama kwa hakika ni kielelezo cha subira, na hali kadhalika cha unyenyekevu." Msichana wa miaka kumi na minane haandiki hivyo. Hayo yalikuwa maneno ya mimbari. Nikazitoa kurasa za nyuma nikazisoma upya, na kila nilipogusa nikamwona Mzee: "hali kadhalika" hapa, "yatupasa" pale. Halafu nikaona jambo la pili. Binti alikuwa ameleta karatasi tatu za manila zilizojaa nukta pande zote. Mzee ameniletea nusu ukurasa.

Nikamfuata chumba cha nyenzo. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

"Nilikuwa nauliza. Karatasi tatu zimetoa haya tu?"

Akaondoa miwani, akaifuta kwa shati. "Nukta zinakula karatasi, mwalimu. Herufi moja kule ni kubwa kama punje ya choroko. Ukiandika barua, unapata gazeti."

Jibu lilikuwa la kweli, baadaye nilithibitisha. Lakini siku ile niliondoka nikiwaza kwa nini alitabasamu.

Nimekulia dukani. Wazee wetu walikuja mji huu na biashara tangu enzi za misafara, na mama yangu hadi leo hupima upya kitambaa kilekile alichopimiwa na mtu wanayesali naye msikiti mmoja. Niliwahi kumcheka kwa hilo. Muhula ule sikumcheka. Nilianza kumvizia mwenzangu. Nikipita karibu na chumba cha nyenzo nilipunguza mwendo kusikiliza kama anamsomea binti au anamfundisha cha kuandika. Siku moja nilimkuta ameinama juu ya karatasi, kalamu mkononi, midomo inacheza, anafikiri. Mtu anayenakili anafikiri nini? Nikamsalimu kwa sauti kubwa makusudi nimwone kama atashtuka. Akashtuka. Sasa ninavyoandika naona kwamba hata mimi ningeshtuka.

Na binti mwenyewe nilianza kumshuku. Nilidhani labda wamekubaliana. Labda hana la kusema, ndiyo maana yuko kimya darasani, na Mzee anamjazia kwa huruma. Nikimtazama kwenye duara, uso wake umeinuka kidogo, kichwa kimeelekea kwa anayesema, nilijiuliza anasikiliza au amelala.

Nikaamua kujifunza. Nilitafuta alfabeti ya nukta nundu kwenye simu, nikaichora kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kabati. Vipindi vyangu vya mapumziko nikaenda maktaba, kwenye dirisha la magharibi, kwa sababu jua la alasiri likipiga ubavuni kila nukta inaweka kivuli chake na unaiona. Vidole vyangu havikusikia kitu. Macho yalisikia kidogo. Herufi kumi za kwanza nilizishika kwa siku mbili. Kilichonitesa ni zile zinazotazamana, moja imeinama kushoto, nyingine kulia, hasa *e* na *i*. Nilizibadilisha kila mara, lakini maana ya neno ilinirudisha njiani: nikisoma "mwalemu," nilijua ni mwalimu, basi narudi nyuma na kuanza upya. Mstari mmoja ulinichukua muda wa kunywa chai nzima.

Nilichagua karatasi ya karibuni, nikaweka maandishi ya Mzee pembeni. Sentensi za mwanzo zilikwenda sawasawa, nikakaribia kuona haya. Hata "hali kadhalika" ilikuwepo, herufi kwa herufi. Hilo lingetosha kunituliza. Halikunituliza. Nikajiambia amemfundisha.

Kisha, katikati ya karatasi ya pili, nikafika mahali ambapo maandishi ya Mzee hayakuwa na kitu. Alikuwa ameruka. Nikafuata nukta kwa ncha ya penseli. *Nafikiri Babu anapinda maneno yangu.*

Kengele ikalia. Sikusoma neno moja zaidi. Nilibeba karatasi zote, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa makamu mkuu wa shule, nikiwa na furaha ambayo mpaka leo inanitia aibu. Nilikuwa sahihi.

Makamu mkuu alikuwa mama mmoja mkavu, asiyependa maneno mengi. Akatazama nukta, akanitazama.

"Una hakika, mwalimu?"

"Nimeisoma mwenyewe."

"Umejifunza lini?"

"Wiki tatu sasa."

Alimtuma mtu akamwite Mzee. Mzee akaja, akakaa, kofia magotini. Nilisema yote mbele yake: kwamba anaruka sentensi, kwamba anapinda maneno ya mwanafunzi, kwamba mwanafunzi mwenyewe ameandika hivyo kwa mkono wake. Nilimwona anakunja ukingo wa kofia na kuukunjua. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, "Ameandika kwamba napinda?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi aitwe yeye."

Binti alikuja peke yake kwa fimbo yake nyeupe, maana varanda ile aliijua vizuri. Alisalimia shikamoo tatu, moja kwa kila pumzi aliyoisikia chumbani, mimi nikiwa nimenyamaza kimya. Sikujua alinitambuaje. Makamu mkuu akamweleza kwa kifupi kwamba kuna karatasi yake na kuna mzozo juu ya sentensi inayomtaja Babu.

Uso wake ukageuka upande wangu. "Madam, ulisema hazitoki kwako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi ofisini mle, lakini si hilo. Nilikuwa nimeahidi mbele ya darasa zima, nikaivunja ahadi nikikimbia kumshitaki mwingine kwa uaminifu mdogo. Nikasema, "Ni kweli. Nimekosea."

"Tunaweza kuacha hapa," makamu mkuu akamwambia. "Hulazimiki."

Binti akafikiri. "Kama imeshafika mezani, basi nisome mwenyewe."

Akapewa karatasi ya pili. Vidole vyake vikateleza juu ya nukta upesi kuliko mimi ninavyosoma gazeti, vikasimama mahali ambapo penseli yangu ilikuwa imesimama. Akasoma kwa sauti ya kawaida, "Nafikiri Babu anapenda maneno yangu."

"Anapinda," nikasema.

"Anapenda, madam. Hii ni *e*."

Hakuna aliyecheka. Ningeona nafuu kama wangecheka. Kwenye maneno mengine yote maana ilikuwa imenirudisha njiani. Neno hili lilikuwa na maana pande zote mbili, na mimi nilichukua upande niliokuwa nikiutafuta kwa wiki kadhaa.

Nilitaka kusimama nimwombe Mzee radhi, lakini vidole vya binti vilikuwa bado juu ya karatasi. "Niendelee?" akauliza. Nikaona Mzee ameinua kichwa. Kwa mara ya kwanza alionekana mwenye hofu.

"Endelea," akasema makamu mkuu.

Akasoma. Nayakumbuka maneno yake karibu yote. "Nafikiri Babu anapenda maneno yangu. Madam ndiye sijui. Madam anasema duara ni la watu wote, lakini anachagua kwa kidole. Husema, wewe, na wewe kule, na aliyenyoosha mkono nyuma. Kidole sikisikii. Mara moja nilisema nikadhani ni mimi, kumbe ni wa kiti cha pili, wakacheka, yeye akasema endelea wewe, akimaanisha mwenzangu. Nimeandika jambo hili mara nne sasa. Kila mara ananirudishia swali la mwanamke wa jikoni. Nafikiri anasoma na kupita. Nitaandika mara ya tano halafu basi."

Nje kulikuwa na upepo ule wetu unaopeleka vumbi uwanjani na kulirudisha.

"Mara nne," nikasema. "Sikuiona hata moja."

Binti akageuza kichwa taratibu kuelekea alikokaa Mzee. Ndipo na yeye alipoelewa. Kwa miezi yote ile alikuwa akiamini kwamba nayasoma malalamiko yake na kuyapuuza. Alikuwa ameyapima maswali yangu neno kwa neno akitafuta ninaficha nini. Mimi nilikuwa nikiyapima maneno yake nikitafuta yanaficha nini. Na wote wawili tulikuwa tukipitia kwa huyu mzee aliyekaa katikati na kofia yake.

"Babu," akasema. "Uliyaruka?"

"Niliyaruka."

"Kwa nini?"

Mzee alijibu akimtazama yeye, si sisi. Alisema zamani, katika shule nyingine, alikuwa na mwanafunzi kama yeye, kijana mwenye akili, aliyeandika kwamba mwalimu fulani anamsahau. Mzee aliyafikisha kama yalivyo. Yule mwalimu hakumpiga wala kumtukana. Alianza tu kusema kwamba somo lake ni gumu kwa mtu asiyeona, akalisema kwenye kikao, akalisema tena, mpaka kijana akahamishwa tahasusi, akapewa masomo mengine, na mwishowe akarudi kwao. "Mwalimu huyu sikumjua ni mtu wa namna gani," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Nikaona bora asiyajue. Nilikulinda."

"Ulininyamazisha, Babu," binti akasema. Hakupandisha sauti.

Nilimwomba Mzee radhi pale pale kwa kumsingizia kupinda. Akajibu, "Nimesikia." Sikupata zaidi ya hapo, na sikustahili zaidi. Yeye naye alimwomba binti radhi, kwa Kigogo, maneno machache ambayo mimi na makamu mkuu hatukuyaelewa vyema na hatukutafsiriwa.

Kipindi kilichofuata niliwaambia wanafunzi kwamba sitachagua tena kwa kidole. Nitamwita kila mtu kwa jina, na yeyote anayetaka kusema aanze kwa kutaja jina lake. Sikuwaambia kwa nini. Walicheka karibu kipindi kizima, wakijitangaza kama watangazaji wa redio, mmoja akajiita mheshimiwa. Wiki ya pili kicheko kikachoka. Wiki ya tatu, katikati ya mabishano kama mwanamke wa jikoni ni mwenye busara au msaliti, ikasikika sauti karibu na mlango ikitaja jina ambalo darasa halikuwa limewahi kulisikia likitajwa na mwenyewe.

"Mnasema alinyamaza," alisema. "Nauliza, kuna mtu yeyote kwenye kitabu hiki amemuuliza swali?"

Kiranja akasema yapo maswali. Binti akamwambia ayatafute. Darasa zima likaanza kupekua, na mimi nikapekua, kitabu ambacho nimekisoma tangu usichana wangu. Tulikuta leta, tulikuta ondoa, tulikuta funga mlango. Swali hatukulikuta mpaka sura ya mwisho, na hapo ndipo alipoulizwa mara moja, akajibu. Miaka yote nimefundisha kwamba ukimya wake ni fumbo. Haukuwa fumbo. Hakuulizwa.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Darasani yalinyooka kiasi. Kwa Mzee, hapana. Aliendelea kuniletea maandishi, lakini sasa kila neno lilikuwepo, hata "hapa amefuta" na "hapa karatasi imetoboka," na chini ya kila ukurasa aliweka sahihi na tarehe, kama mtu anayetoa maelezo polisi. Tulisalimiana kila asubuhi. Hakuniita tena binti yangu. Nilimpelekea zabibu za msimu, akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, na niliona ameziacha mezani hadi siku ya pili. Alipostaafu alihamia Mpwapwa kwa wanawe. Kwenye hafla ya kumuaga alitaja kila mwalimu kwa wema, na mimi alinitaja kama "mwalimu wa fasihi, mtu makini sana." Watu walipiga makofi. Mimi nililipima neno lile la "makini" usiku na mchana kwa siku kadhaa, na sijui mpaka leo alilisema kwa moyo upi.

Binti naye alikuwa na masharti. Hakuandika kitu kwa wiki mbili. Aliporudi kuandika alinitaka nizisome karatasi zake mimi mwenyewe, kwa sauti, mbele yake, chini ya dirisha la maktaba, ili ahakikishe kwamba nimefika mwisho. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Alinisahihisha bila huruma. Mara nyingine nilipokwama alikataa kunisaidia, akisubiri, uso umeinuka, mpaka nilipate neno mwenyewe. Aliandika juu ya vyura wa Bahi mwaka wa mvua nyingi, jinsi wanavyonyamaza wote kwa pamoja mtu akikaribia shamba, na kwamba baba yake alimfundisha kujua kwa ukimya ule kama ni mtu au ng'ombe. Hayo hayakuwa na uhusiano wowote na riwaya, na sikumwambia.

Siku chache kabla ya mtihani wa kidato cha sita alikuja chumba cha walimu, akagonga, akaomba karatasi zake zote. Nikazitoa kabatini. Za kipindi tulichosoma pamoja na zile za mwanzo, za miezi ya Mzee, ambazo bado zilikuwa na maandishi yake yamebanwa kwa pini. Alipitisha mkono juu ya rundo, akayachomoa maandishi ya Mzee moja moja na kuniwekea mezani.

"Hizi ni zenu," akasema.

"Sasa naweza kuzisoma zile za kwanza," nikamwambia. "Kama utaniruhusu. Zile mara tatu nyingine."

Akafikiri, akiwa amezikumbatia kifuani.

"Hapana, madam," akasema kwa adabu kabisa. "Zilikuwa za wakati ule."

Akaniaga, akatoka, fimbo ikigonga ukuta wa varanda. Nilibaki na mwandiko mzuri wa Mzee juu ya meza, kurasa nyingi, zilizojaa kila kitu isipokuwa hicho nilichokitaka.